Mchochota Usiozimika: Protini za Mwili Zinavyochochea Saratani za Kichwa na Shingo

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Kidonda cha kinywani kilichotokana na jino lililovunjika au chakula cha moto kwa kawaida hupona ndani ya wiki mbili. Kikipita wiki tatu bila kufunga, kinapaswa kuonwa na daktari wa kinywa na meno au mtaalamu wa kituo cha afya kilicho karibu, hata kama hakiumi. Kanuni hiyo hutumiwa na watoa huduma za afya katika nchi nyingi. Sababu yake hueleweka vizuri zaidi pale mwananchi anapofahamu kazi ya kundi la protini ndogo ambazo mwili huzitumia kupelekeana taarifa za hatari, kwa kuwa protini hizo hizo zinazoponya kidonda ndizo zinazoweza, zikiachwa zifanye kazi bila kikomo, kukigeuza kuwa saratani.

Saratani za kichwa na shingo ni jina la pamoja la saratani zinazoanzia kwenye midomo, ulimi, fizi, sakafu ya kinywa, koromeo, zoloto, pua na mianya yake pamoja na tezi za mate. Saratani za ubongo, macho na tezi ya shingo inayosimamia homoni huhesabiwa kando. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za kundi hili huanzia katika seli bapa zinazotandika ndani ya kinywa na koo. Duniani kote, takriban watu 900,000 hugundulika kuwa nazo kila mwaka, na takriban 450,000 hupoteza maisha. Nchini Tanzania, kama ilivyo kwa saratani nyingine nyingi, wagonjwa walio wengi huwafikia mabingwa ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa hadi kwenye tezi za shingo.

Mchochota ni ile hali ya sehemu ya mwili kuwa nyekundu, kupata joto, kuvimba na kuuma. Dalili hizo nne ziliandikwa na Mrumi Celsus karibu miaka 2,000 iliyopita na hazijabadilika. Mkulima anapochomwa na mwiba shambani, seli zilizojeruhiwa na chembechembe nyeupe za damu zilizo jirani hutoa protini ziitwazo saitokini. Mojawapo hujulikana kwa kifupi kama TNF. Nyingine ni za jamii ya intalukini, na kila moja ina namba yake. Intalukini-1 hupiga mbiu ya kwanza, na intalukini-8 huziita chembechembe nyeupe kutoka kwenye damu zije mahali penye jeraha. Intalukini-6 husafiri mbali zaidi. Hufika kwenye ini na ubongo, na ndiyo mojawapo ya sababu za mtu mwenye jipu kupata homa na kukosa hamu ya kula.

Saitokini inapofika kwenye seli hukaa juu ya kipokezi chake mithili ya ufunguo kwenye kitasa, na taarifa huingia ndani. Huko ndani zipo protini nyingine zinazowasha na kuzima jeni. Mbili kati ya hizo zimechunguzwa sana katika saratani za kinywa na koo. Ya kwanza ni NF-kappa B, iliyogunduliwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore nchini Marekani, na ya pili ni STAT3. Zikiwashwa, seli huamriwa kugawanyika, kustahimili mazingira magumu na kutokufa upesi. Kwa jeraha la mwiba, amri hizo ndizo zinazohitajika. Ngozi hujifunga, kisha saitokini za kutuliza hutolewa na shughuli yote husimama.

Uhusiano wa mchochota na saratani haukugunduliwa jana. Mwaka 1863 daktari wa Ujerumani, Rudolf Virchow, alieleza kwamba ndani ya uvimbe wa saratani aliona chembechembe nyeupe za damu, akahisi kwamba saratani huzaliwa mahali penye mchochota wa muda mrefu. Wazo hilo lilikaa pembeni kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1986 Harold Dvorak wa Marekani alilirejesha mezani kwa kuulinganisha uvimbe wa saratani na jeraha lisilopona, kwani vyote viwili hujenga mishipa mipya ya damu, hukusanya chembechembe nyeupe na kuamuru seli kugawanyika. Tofauti ni kwamba jeraha hufika mwisho, na uvimbe haufiki.

Wenyeji wa Ufipa wanao mfano unaoweza kusaidia hapa. Wahunzi wa Kifipa waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, malungu, ambazo baadhi ya mabaki yake bado yanaonekana katika uwanda huu. Tanuri hizo hazikuhitaji mtu wa kuvukuta mifuo. Kwa urefu wake na matundu yaliyoachwa chini, tanuri ilivuta hewa yenyewe na moto ukaendelea kuwaka. Seli ya saratani ya kinywa hufanya jambo la namna hiyo. Seli yenye afya husubiri iletewe intalukini-6 na jirani aliyejeruhiwa, ilhali seli ya saratani huitengeneza yenyewe, ikaitoa nje na kuipokea tena kwenye vipokezi vyake. STAT3 huwaka, nayo huamuru seli kuendelea kuishi na kugawanyika, huku NF-kappa B iliyokwisha kuwaka ikiamuru intalukini-6 zaidi itengenezwe. Mwaka 1999 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walionesha kwamba seli za saratani za kichwa na shingo, zikikuzwa maabara, hutoa intalukini-1, 6 na 8 pamoja na protini nyingine za kundi hilo, na kwamba protini hizo zilipatikana pia kwenye vipande vya uvimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa.

Madhara yake ni mengi. Protini hizo huvuta mishipa mipya ya damu ili uvimbe upate chakula, huyeyusha kuta zinazotenganisha tabaka za utando ili seli zipenye kuelekea shingoni, na huvuruga kinga. Hili la mwisho ndilo linaloshangaza zaidi, kwa sababu mchochota ni kazi ya kinga yenyewe. Ukidumu mno, chembechembe zinazokuja si zile za kushambulia tena. Ni zile za kutuliza na kukarabati, nazo huilinda saratani dhidi ya askari halisi wa mwili.

Vipimo vya damu na mate vimethibitisha kwamba haya si mambo ya maabara pekee. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia wagonjwa 444 wa saratani za kichwa na shingo. Waliokuwa na intalukini-6 nyingi katika damu kabla ya kuanza matibabu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kurudiwa na ugonjwa na ya kufariki mapema. Miaka minne kabla ya hapo, watafiti wa Los Angeles walikuwa wameonesha kuwa intalukini-8 huongezeka kwenye mate ya wenye saratani ya kinywa. Kupima mate hakujawa njia ya kawaida ya uchunguzi, kwa sababu hata ugonjwa wa fizi hupandisha protini hizo. Kwa sasa jibu la uhakika hutokana na kuchukua kipande kidogo cha nyama ya kidonda na kukichunguza kwa hadubini.

Kinachouwasha mchochota huo

Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Chini yake upande mmoja lipo Bonde la Ziwa Rukwa na upande mwingine zipo fukwe za Ziwa Tanganyika, zote zikiwa karibu na mita 800. Tofauti hiyo ya mwinuko, ambayo msafiri huihisi kwa baridi na joto ndani ya siku moja, ina maana yake pia katika mada hii.

Tumbaku ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote, iwe ya sigara, ya kiko, ya msokoto au ya ugoro. Moshi wake hujeruhi utando wa kinywa na koo kila siku, huharibu jeni za seli na kuiwasha NF-kappa B. Ugoro haumwepushi mtumiaji kwa kuwa hauna moshi, kwani hukaa umegusa utando, na mahali unapowekwa ndipo kidonda huweza kuanzia. Pombe nayo, ikiwa ya viwandani au ya ulezi iliyopikwa nyumbani, hubadilishwa mwilini kuwa kemikali iitwayo asetaldehaidi, inayoharibu jeni. Zikitumika pamoja, hatari ya pombe na tumbaku haijumlishwi bali huzidishwa, kwa kuwa pombe hulainisha utando na kuipitisha sumu ya tumbaku. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliingiza moshi wa tumbaku katika orodha ya visababishi vya uhakika vya saratani mwaka 1986, na vinywaji vya pombe mwaka 1988. Serikali ilitunga Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na kuanzia tarehe 1 Machi, 2017 ikapiga marufuku pombe kali za kwenye vifuko vya plastiki, maarufu kama viroba.

Moshi wa kuni hutajwa mara chache. Katika miezi ya Juni na Julai, baridi ya Ufipa huifanya jiko la ndani kuwa mahali pa kupikia na pa kuota moto, na wanaokaa humo muda mrefu zaidi ni akina mama na watoto wadogo. Shirika hilo hilo la kimataifa limeuweka moshi wa kuni za majumbani katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, hasa ya mapafu. Kwa saratani za koo na kinywa ushahidi ni mdogo zaidi, ingawa mchochota wa njia ya hewa unaotokana na moshi huo hauna ubishi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania, kwa kawaida huelezwa kwa faida zake kwa misitu. Kwa mpishi, faida ya kwanza ni kwenye koo na mapafu yake.

Jua la Ufipa hulaghai. Hali ya hewa ikiwa ya ubaridi, mtu hahisi kuungua, lakini kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kwa hesabu hiyo, aliyeko Sumbawanga hupokea karibu moja ya tano zaidi ya aliyeko usawa wa bahari chini ya anga lile lile. Ngozi iliyoungua na jua hutoa TNF, intalukini-1 na intalukini-6, na wekundu na maumivu yanayofuata ndiyo mchochota wenyewe. Kwa watu wenye ualbino, ambao nchini Tanzania hukadiriwa kuwa mmoja kati ya kila watu 1,400, ngozi haina rangi ya kuikinga, na saratani huota zaidi usoni, masikioni, midomoni na shingoni. Kitabibu saratani hizo za ngozi huhesabiwa peke yake, lakini daktari wa upasuaji wa kichwa na shingo hukutana nazo mara kwa mara. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kinga, yakiwemo yanayotengenezwa Moshi katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, huzuia sehemu kubwa ya madhara hayo iwapo yataanza kutumika tangu utotoni. Mtoto mwenye ualbino anayechunga au kulima uwandani anahitaji vitu hivyo hata siku ya mawingu na baridi.

Vipo pia virusi. Virusi vya papiloma, HPV, hasa aina ya 16, husababisha sehemu kubwa ya saratani za tezi za koo na shina la ulimi katika Marekani na Ulaya ya Kaskazini. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Lengo la mpango huo ni saratani ya mlango wa kizazi, ila kirusi kinachozuiwa ni hicho hicho. Virusi vya Epstein-Barr, kwa upande wao, huhusishwa na saratani inayojificha nyuma ya pua. Protini moja ya kirusi hicho hujifanya kipokezi cha saitokini kilichokwisha kuguswa, na NF-kappa B huwashwa bila saitokini yoyote kufika.

Kirusi hicho kina historia katika ukanda huu. Mwaka 1961 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alisafiri kwa gari maelfu ya kilomita kupitia nchi za Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini, akiuliza hospitalini kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Alibaini kuwa ulionekana katika maeneo ya chini yenye joto na mvua, na ulikuwa nadra katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1964 sampuli zilizopelekwa London kutoka Uganda ndizo zilizowezesha kugunduliwa kwa virusi vya Epstein-Barr. Baadaye ikaeleweka kwamba malaria ya mara kwa mara huichochea kinga ya mtoto bila kupumzika na kukipa kirusi hicho nafasi, na malaria hupenda mabonde kuliko milima. Kitabibu, uvimbe huo ni saratani ya chembechembe nyeupe za damu, si ya utando wa kinywa. Mzazi wa Bonde la Rukwa au mwambao wa Tanganyika anapaswa hata hivyo kuufahamu, maana huanza kama meno yanayolegea na shavu linalovimba, hukua ndani ya siku chache, na hutibika vizuri kwa dawa ukiwahiwa.

Kudhoofu kwa mgonjwa

Wanaomuuguza mgonjwa wa saratani ya koo huona jambo linalowatisha kuliko kidonda chenyewe, nalo ni jinsi nyama ya mwili inavyoisha. Sehemu ya kudhoofu huko hutokana na kushindwa kumeza. Hata hivyo, mgonjwa anayelishwa uji wa kutosha huendelea kupungua, na sababu ni zile saitokini. TNF na intalukini-6 huuamuru mwili kuvunja misuli na mafuta, na kuuzuia ubongo kuhisi njaa. Mwaka 1985 wanasayansi walibaini kwamba protini waliyokuwa wakiiita kwa jina la kudhoofu, baada ya kuiona kwa wanyama wagonjwa, ilikuwa ni TNF yenyewe.

Jina la Sumbawanga, kama wenyeji wengi wanavyolisimulia, linatokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya kutupa uchawi. Ni simulizi nzuri kuikumbuka mgonjwa anapokonda bila sababu inayoonekana, kwa kuwa ndugu wengi kote nchini humpeleka kwanza kwa mganga wakidhani amerogwa. Miezi inayopotea huko ndiyo miezi ambayo uvimbe wa sentimita mbili huwa wa sentimita tano.

Wapo wanaopoteza muda kwa njia nyingine. Vidonge vya kutuliza maumivu vinavyouzwa katika maduka ya dawa, kama diklofenaki na ibuprofeni, hupunguza mchochota kweli. Maumivu hushuka, uvimbe wa pembeni hunywea kidogo, mgonjwa hupata nafuu na kuahirisha safari ya hospitali. Seli za saratani hubaki palepale. Dawa za kuua bakteria hurudiwa mara mbili au tatu kwa kudhaniwa kuwa ni tezi za koo, na mwingine hukatwa kilimi kwa sababu ya kikohozi kisichoisha. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, doa jeupe au jekundu kinywani lisilofutika, uvimbe wa shingo usiouma, maumivu ya sikio la upande mmoja wakati wa kumeza na damu ya puani ya tundu moja ni dalili zinazohitaji kuchunguzwa kabla ya dozi nyingine.

Njia ya tiba

Kutoka zahanati, mgonjwa hupewa rufaa hadi hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Sumbawanga. Zaidi ya hapo ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, umbali wa zaidi ya kilomita 300, na kwa tiba ya mionzi ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Umbali huo una maana kubwa. Saratani ya ulimi iliyo ndogo huweza kuondolewa kwa upasuaji pekee. Iliyofika shingoni huhitaji upasuaji, mionzi ya kila siku kwa takriban wiki sita au saba na mara nyingi tibakemikali, na mgonjwa pamoja na ndugu yake huhitaji mahali pa kulala muda wote huo.

Ujuzi kuhusu saitokini umeanza kuingia katika tiba, ingawa kwa hatua fupi. Chembechembe za kinga zinapoishambulia saratani hutoa intaferoni-gama, na seli za saratani hujibu kwa kujivika protini iitwayo PD-L1, inayowaambia askari hao wasimame. Tasuku Honjo wa Japani, aliyegundua kipokezi cha amri hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 pamoja na James Allison wa Marekani. Dawa za kuikata amri hiyo ziliidhinishwa Marekani kwa saratani za kichwa na shingo mwaka 2016. Huwasaidia baadhi tu ya wagonjwa, na bei yake bado ni mzigo mkubwa hata kwa nchi tajiri. Dawa za kuzuia intalukini-6 zipo kwa ajili ya magonjwa ya viungo, lakini si sehemu ya tiba ya kawaida ya saratani hizi.

Mionzi nayo huwasha mchochota wake. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu, TNF na intalukini-1 huufanya utando wa kinywa kuchubuka, na wagonjwa kadhaa hukatisha matibabu wakidhani ugonjwa umezidi. Ndiyo maana kabla ya mionzi kuanza, mgonjwa hupelekwa kwanza kwa daktari wa meno ili mabovu yang'olewe na fizi zisafishwe, na wakati wa matibabu hushauriwa kusukutua mara nyingi kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kuacha kabisa sigara, pombe na pilipili, na kula vyakula laini vilivyopoa. Vidonda hivyo hufunga wiki chache baada ya siku ya mwisho ya mionzi.